Orodha ya Ukoo wa Banchiamlak

Kila asubuhi, baada ya kahawa, Bwana Animut Fentahun aliketi mbele ya kompyuta yake. Kwanza alikiondoa kitambaa cheupe ambacho mkewe, Yeshimebet, alikishona ili kuikinga na vumbi. Alikikunja mara nne. Kisha alivaa miwani na kuandika majina.

Bwana Animut alikuwa karani wa masjala ya mahakama hapa Debre Markos kwa miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu alijipa kazi nyingine. Alianza kuandika nasaba ya ukoo wake: nani alimzaa nani, wapi, na habari hiyo ameipata kwa nani. Alisafiri hadi Bichena, akasafiri hadi Dejen, akakaa na wazee waliokuwa hawaoni tena lakini wanakumbuka. Wengi wao sasa wameshafariki.

Mtu wa mbali anaweza kudhani hiyo ni kazi ya kupoteza muda. Kwetu sivyo. Kijana na binti wakitaka kuoana, lazima nasaba ihesabiwe. Wakikutana kwa babu mmoja ndani ya vizazi saba, hao ni ndugu, na harusi hakuna.

Mwanzoni majina yote yalikuwa kwenye madaftari tisa. Kisha mwanawe mkubwa akamnunulia kompyuta iliyokwisha kutumika. Fundi mmoja akamwekea programu ya kuandikia na herufi zetu. Bwana Animut alinakili madaftari yote kwa mwaka mzima, kwa vidole viwili. Alipomaliza alimkabidhi mkewe madaftari yale.

"Washia moto wa injera," alisema. "Karatasi ni mambo ya zamani."

"Una hakika?" Yeshimebet aliuliza.

"Mama, kila kitu kiko ndani ya mashine."

Yeshimebet aliwashia moto. Madaftari yale yalipika injera, mikate yetu ya kila siku, kwa wiki tatu.

Mwaka huu, baada ya sikukuu ya Msalaba, wazee watatu walikuja kumposa Banchiamlak, binti wa pekee wa nyumba hiyo. Banchiamlak ni muuza dawa katika duka la dawa karibu na kituo cha basi. Yule anayemtaka anaitwa Yitayal, daktari wa mifugo wa Finote Selam. Wanapendana, na hawakumficha mtu. Bwana Animut naye alimpenda kijana huyo, ingawa alijifanya hajali.

Wazee walikuja mara ya kwanza, wakaambiwa warudi, kama ilivyo desturi. Walipokuja mara ya pili walifuatana na Emahoy Wagaye. Huyu ni bibi mzee, mtawa wa kofia ya njano, shangazi wa baba yake Yitayal. Hajui kusoma. Lakini ukoo wote wa upande wao ameubeba kichwani.

Emahoy alihesabu kwa vidole. Alipomaliza alitikisa kichwa.

"Nyumba hizi mbili zinakutana kwa mzee Dagnaw," alisema. "Yitayal ni kizazi cha nane kutoka kwake. Msichana ni wa saba. Saba bado ni ndugu, wanangu. Hapa harusi hakuna."

Banchiamlak alikuwa amesimama mlangoni na birika la kahawa. Aliliweka chini, akatoka nje.

"Emahoy, unisamehe," Bwana Animut alisema. "Nina hakika binti yangu ni wa nane. Kuna mtu umemruka hapo katikati."

"Nani?"

Bwana Animut alifumba macho. Hakumkumbuka. Alikuwa ameandika, na kwa sababu aliandika, hakujihangaisha kukumbuka.

"Jina limo kwenye orodha yangu. Nitawaletea orodha yote."

"Ilete," alisema mjomba wa Yitayal, Mwalimu Asmare, mtu wa maneno makali. "Maana baba wa bibi harusi akisema tu kwa mdomo, nani ataamini? Tutarudi baada ya siku kumi na tano. Orodha ikiwepo tutaisoma. Isipokuwepo, tutaombana radhi na kila mtu atashika njia yake."

Siku ya pili yake Bwana Animut alinakili faili lake kwenye flashi, akapanda basi kwenda Finote Selam. Mwalimu Asmare alifungua faili kwenye kompyuta yake mwenyewe. Skrini ilijaa alama za ajabu. Kulikuwa na nyota, mabano, na herufi za kizungu zisizounda neno. Hapakuwa na jina hata moja la Kiamhara.

"Bwana Animut," Mwalimu Asmare alisema taratibu, "hawa ndio babu zako? Huyu anaitwa nani, Mabano bin Nyota?"

Watu walicheka. Bwana Animut hakucheka. Njia nzima ya kurudi alikuwa amekaza meno.

Kwa hasira hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja sokoni, kwa mtu anayeuza sidii za programu juu ya meza ya mbao.

"Kompyuta yangu imezeeka," alimwambia. "Nipe programu mpya kuliko zote."

"Mzee, umefika," alisema yule muuzaji. "Hii ni toleo jipya kabisa. Hata ofisi kubwa hazina. Nitafuta vitu vyote vya zamani, nikuwekee upya. Itakuwa kama imetoka dukani leo."

Bwana Animut aliileta kompyuta kutoka nyumbani, ikafanywa hivyo. Bwana Animut alirudi na kompyuta begani, akaiwasha, akafungua faili kutoka kwenye flashi. Zikatokea nyota na mabano, humo humo nyumbani mwake. Baada ya siku tatu ile programu mpya ilitoa tangazo jekundu, ikakataa kuandika neno lolote. Ilikuwa nakala ya wizi. Bwana Animut alirudi sokoni, akaikuta meza tupu.

"Siku ngapi zimebaki?" Banchiamlak aliuliza jioni hiyo.

"Kumi."

"Baba, hilo jina hulikumbuki kabisa?"

"Sikumbuki, mwanangu. Nasikia aibu, lakini sikumbuki."

Yeshimebet alikuwa anachambua dengu. Hakuinua kichwa. "Na mimi nilikuuliza, una hakika? Ukanijibu mama, kila kitu kiko ndani ya mashine. Basi kimo. Kitoe."

Asubuhi Yeshimebet mwenyewe alivuka njia na kumwita Wubalem. Wubalem ni mwanamke jirani yao. Anafundisha kompyuta katika chuo cha ufundi, na Jumamosi huchapa kazi za watu. Aliingia, akaamkia, akakaa mbele ya mashine. Alitazama nyota na mabano kwa muda mfupi tu.

"Gashe Animut," alisema, kama sote tunavyowaita wakubwa wetu, "majina yako hayajapotea."

"Yako wapi?"

"Yamo humu humu. Nieleze kwanza. Yule fundi aliyekuwekea herufi zetu, ilikuwa lini?"

"Miaka mingi. Herufi alizileta kwenye diski, akaziweka pamoja na programu."

"Basi nimeelewa. Kompyuta haijui herufi, Gashe. Inajua namba. Kila herufi ina namba yake. Zamani, herufi zetu hazikuwa na namba zinazokubaliwa duniani. Kwa hiyo watengenezaji walichukua namba za herufi za kizungu, wakazivisha sura za herufi zetu."

"Sijaelewa."

"Ni kama mtu aliyeazima koti la jirani. Hapa nyumbani mnamjua, mnamwita kwa jina lake. Akienda mji mwingine, watu wanaliona koti tu, wanamwita jina la mwenye koti. Faili lako lilisomeka kwenye mashine yenye zile herufi za fundi tu. Finote Selam hawanazo. Na yule wa sokoni alipofuta kila kitu, na wewe ukabaki huna."

Bwana Animut alivua miwani. "Kwa hiyo programu yangu haikuwa mbovu?"

"Wala kompyuta haikuwa mbovu. Herufi ndizo zilikuwa za kizamani. Siku hizi kila herufi yetu ina namba yake yenyewe, dunia nzima. Ukiandika kwa herufi hizo, watu watasoma hapa, Finote Selam na hata Ujerumani."

"Na niliyokwisha kuandika?"

"Chuoni tuna programu ndogo ya kubadilisha herufi za zamani kuwa za sasa. Lakini lazima tujue zile za fundi zilikuwa za aina gani, maana aina zilikuwa nyingi. Na ikishabadilisha, lazima mtu asome mstari kwa mstari. Huwa inakosea hapa na pale."

"Nitasoma mimi."

"Utasoma. Ila kwanza tuchague programu ya kuandikia, kwa sababu hii ya wizi naiondoa sasa hivi. Sitaki kuiona."

Yeshimebet alileta kolo, shayiri iliyokaangwa, akakaa nao asikilize. Wubalem alitafuna kidogo, akageuka.

"Niambie, Gashe. Unaandika nini kwenye mashine hii?"

"Nasaba. Na barua za chama chetu cha mazishi, mimi ni katibu."

"Kurasa ngapi, hiyo nasaba?"

"Mia mbili na kitu."

"Unawapelekea watu wengine?"

"Ndiyo shida yenyewe!"

"Mtandao mnao?"

Yeshimebet alicheka. "Mtandao wa hapa? Unakatika kabla hujamaliza kulalamika kwamba umekatika."

"Basi zile za kuandikia mtandaoni zinakufaa kidogo tu," Wubalem alisema. "Ni nzuri mkiwa watu wengi mnaandika pamoja na mtandao ni imara. Ndani ya kompyuta yenyewe kuna programu ndogo iliyokuja nayo. Hiyo kwa barua inatosha. Lakini kurasa mia mbili! Haitakuwekea namba za kurasa, wala haitakupangia yaliyomo. Iko ya kulipia, ninayotumia ofisini. Ni nzuri sana, sina neno nayo. Ukiitaka, inunue kwa wenyewe, si juu ya meza sokoni. Na kuna hii." Alitoa flashi mfukoni. "Inaitwa LibreOffice. Ni ya bure."

"Ya bure?" Bwana Animut alikunja uso. "Mimi nimechekwa mji mzima wa Finote Selam. Sitaki vitu vya bure."

"Ile ya sokoni uliilipia, Gashe. Ilikusaidia?"

Yeshimebet alipiga makofi. "Mjibu, katibu!"

"Hii ni ya bure kihalali," Wubalem aliendelea. "Watu wa nchi nyingi wameitengeneza pamoja wakaiacha itumiwe na yeyote. Nimeipakua kwenye tovuti yao wenyewe. Haitaki mtandao ukishaiweka. Inaandika herufi zetu. Inahifadhi faili kwa namna ambayo programu nyingine zinaweza kulifungua. Lakini usiniamini mimi."

"Nisikuamini wewe?"

"Usiniamini mimi wala muuzaji yeyote. Jaribu. Andika ukurasa mmoja tu, wa majina halisi. Uhifadhi. Upeleke kwenye kompyuta tatu za watu wengine, ufungue huko, utazame kwa macho yako. Programu inayofika salama ndiyo yako. Ungefanya hivyo na ile ya kwanza, mapema, ungejua."

Maneno hayo Bwana Animut aliyaelewa vizuri. Alikuwa karani, alijua maana ya kuhakiki. Wubalem alimwekea LibreOffice, na pia alimwekea programu ya kibodi. Herufi zetu zinapita mia mbili, na vibonye ni vichache, kwa hiyo kibodi lazima ifundishwe. Unabonyeza sauti mbili, inatokea herufi moja. Bwana Animut alilalamika saa nzima, kisha akazoea.

Aliandika ukurasa mmoja kwa LibreOffice na ukurasa mwingine kwa ile programu ndogo ya kompyuta. Asubuhi alining'iniza flashi shingoni, kwenye uzi wake mweusi wa ubatizo, akatoka.

"Padri akikuona na hiyo!" Yeshimebet alimpigia kelele.

"Atanibariki!"

Alikwenda chuoni kwa Wubalem. Alikwenda duka la dawa kwa binti yake. Alikwenda shule ya msingi, akamsumbua mkuu wa shule wakati wa mapumziko. Kila mahali alifungua kurasa zote mbili na kuandika matokeo kwenye kikaratasi. Herufi zilisomeka kila mahali. Lakini ule ukurasa wa programu ndogo, jedwali lake la vizazi lilivurugika shuleni. Watoto walikaa mahali pa baba zao. Ule wa LibreOffice ulibaki kama alivyouandika.

"Nimechagua," alimwambia Wubalem jioni. "Hii ya bure."

"Ni wewe uliyechagua, Gashe. Si mimi."

Kazi ya kubadilisha herufi za zamani ilichukua siku mbili chuoni. Wubalem alijaribu aina nne za herufi. Ya nne ndiyo ilikubali. Majina yakatoka, moja baada ya jingine, na Bwana Animut, mtu mzima wa miaka sitini na tisa, alilia mbele ya wanafunzi. Hakuona haya.

Kisha alikaa nyumbani kusoma. Hapa herufi imepotea, aliirudisha. Pale majina mawili yameshikana, aliyatenganisha. Siku ya nne alifika kwenye watoto wa mzee Dagnaw. Alisoma polepole, akasimama, akaita kwa sauti iliyowatoa majirani nje.

"Banchi! Banchiamlak! Njoo usome mwenyewe!"

Banchiamlak alikuja mbio na mikono ya unga. Alisoma. Alisoma tena. Kisha alimkumbatia baba yake pamoja na unga wake.

Safari hii Bwana Animut hakurudia kosa. Faili aliliweka kwenye kompyuta, kwenye flashi mbili, na nakala moja akaituma kwa barua pepe ya mwanawe. Pia alitengeneza nakala ya kusomwa tu, isiyoweza kubadilishwa kwa bahati mbaya. Mwisho alichapisha kurasa zote kwenye karatasi, akazifungia sandukuni.

"Karatasi si mambo ya zamani tena?" Yeshimebet aliuliza.

"Nyamaza, mama."

Siku ya kumi na tano wazee walirudi. Walisimama ukumbini na fimbo zao. Hawakuketi, kwa sababu mposaji haketi kabla hajapata jibu. Emahoy Wagaye naye alisimama, ingawa magoti yanamsumbua. Mwalimu Asmare alikuwa amekuja na kompyuta yake mwenyewe kwapani.

"Nitafungua kwa mashine yangu," alisema. "Tuone kama leo tutapata watu au nyota."

"Fungua," Bwana Animut alisema, akampa flashi.

Mwalimu Asmare alifungua. Alisogeza uso karibu na skrini. Alipitisha ukurasa mmoja, kisha mwingine.

"Inasomeka," alisema mwishowe.

"Basi soma kwa sauti. Ukurasa wa sitini na moja."

Mwalimu Asmare alisoma: "Mzee Dagnaw alimzaa Yirga. Yirga alimzaa Tewabech, mtoto mmoja tu. Yirga alikufa kwa ndui mtoto akiwa bado ananyonya. Tewabech alilelewa na babu yake. Habari hii nimepewa na Bwana Kassie wa Bichena, mwenye miaka tisini na mbili."

Banchiamlak alikuwa nyuma ya pazia. Alisikia kila neno. Alikuwa ameshika mkono wa Wubalem kwa nguvu mpaka Wubalem akaumia.

"Emahoy," Bwana Animut alisema kwa upole, "ulihesabu kwamba Tewabech, bibi yetu wa upande huu, ni binti wa Dagnaw. Ni mjukuu wake. Kati yao yupo Yirga."

Bibi mzee aliegemea fimbo yake. Hakuna aliyethubutu kumharakisha. Angesema sivyo, mambo yangekwisha hapo hapo, na hakuna programu ambayo ingesaidia.

"Yirga," alisema. "Yirga wa ndui. Mama yangu alikuwa akisimulia. Alisema Tewabech alikuwa akimwita babu yake baba, kwa sababu hakumjua mwingine. Sisi watoto tulisikia baba, tukashika baba. Mimi nimemruka Yirga miaka themanini, Mungu anisamehe." Akahesabu tena kwa vidole, polepole. "Msichana ni wa nane."

"Wa nane," wazee waliitikia.

"Basi hakuna udugu. Nipeni kiti, magoti yamekufa!"

Emahoy aliketi. Wazee wote wakaketi. Yeshimebet alipiga vigelegele kutoka jikoni, na majirani wakavipokea kabla hawajajua habari yenyewe. Harusi ilipangwa iwe baada ya Epifania.

Kahawa ilipokuwa inazunguka, Emahoy alimvuta Bwana Animut mkono.

"Animut, mwanangu. Jina la mama yangu limo humo?"

"Halimo, Emahoy. Sikupata mtu wa kuniambia."

"Dada zangu wamekufa wote. Limebaki kwangu tu. Andika: Zewditu Aklog, wa Burie. Alizaa tisa, akazika sita."

Bwana Animut aliweka kikombe chini, akaenda kwenye kompyuta, akaandika kwa vidole viwili. Emahoy alisimama nyuma yake akitazama herufi zinavyotokea. Hakujua kuzisoma. Alinyoosha kidole, akaigusa skrini kidogo.

"Huyu ndiye mama?"

"Ndiye yeye."

"Na ukimpeleka Finote Selam, kwa wajukuu wa kaka yangu, atafika hivi hivi?"

"Atafika hivi hivi, Emahoy," Bwana Animut alisema. "Nimekwisha kuhakiki."